Taka za Mtaa na Meza ya Kaunti: Mwongozo kwa Wakazi wa Mombasa

Katika mitaa mingi ya Mombasa, ushiriki wa wananchi katika suala la taka huishia kwenye ufagio. Jumamosi moja watu hujitokeza na mafagio ya chelewa, mabeleshi na makarai, mtaro huzibuliwa, picha hupigwa, soda hunywewa, na kufikia Jumatano jaa la pembeni limerudi pale pale lilipokuwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa wakazi wanaotaka kwenda mbele ya hapo, yaani kuingia mahali panapoamuliwa lori litapita wapi, siku gani, na kwa pesa ipi. Sina ugomvi na ufagio. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa na ninao wangu nyuma ya mlango. Ninachosema ni kwamba anayefagia bila kuandika amemwachia mtu mwingine uamuzi wote.

Somo hili sikulipata kwenye semina. Miaka kadhaa nyuma kamati yetu iliandaa usafi wa mtaa mzima kuelekea vuli, na tukafanikiwa kuliko tulivyotarajia: mtaro uliojaa mchanga, vifuu na nepi ulizibuliwa kuanzia juu hadi chini, na magunia yakapangwa kando ya barabara kama ukuta, yakingoja gari tuliloahidiwa kwa mdomo. Gari halikuja siku hiyo wala ya pili. Usiku wa tatu mvua ilinyesha, magunia ambayo jua lilikuwa limeyadhoofisha yakapasuka, na kila tulichokitoa mtaroni kikarudi mtaroni, isipokuwa safari hii kilikuwa kimekwisha kulegezwa, kwa hiyo kikateremka moja kwa moja hadi kwenye mikoko. Tulipokwenda kuuliza, hakuna ofisi iliyokuwa na barua yetu, kwa sababu hatukuwa tumeandika barua.

Hatua ya kwanza: Fuateni taka zenu hadi zinakolala

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, watu wawili au watatu wafuate safari ya taka kutoka mlangoni hadi mwisho wake. Kwa mkazi wa kisiwani safari hiyo kwa kawaida ina vituo vitatu: kijana wa mkokoteni anayezoa nyumba kwa nyumba, mahali pa kukusanyia ambapo mikokoteni humwaga, na lori linalovuka daraja la Nyali kuelekea jaa la Mwakirunge, huko Kisauni, kaskazini mwa kaunti. Likoni ina habari yake, kwa kuwa kivuko kinaitenga na kisiwa, na kwa miaka mingi taka zake zimekuwa zikimwagwa Shonda. Kibarani, jaa lililokuwa likimlaki kila mgeni aliyeingia kisiwani kupitia Makupa, lilifungwa mwaka 2018, na baadaye pakafukiwa na kupandwa miti. Ilikuwa heri kwa bahari na kwa pua zetu, lakini lori lililokuwa likimaliza kazi karibu na mji sasa halina budi kwenda mbali, na likikwama kwenye foleni hupoteza safari nzima ya siku. Ukielewa hilo utajua kwa nini kelele za mtaani hazitoshi: mara nyingi tatizo ni mafuta, matairi na idadi ya safari, na hayo yote ni mambo ya bajeti.

Katika kila kituo ulizeni maswali manne: chombo ni cha nani, hupita siku gani, nani humlipa, na hutokea nini asipopita. Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa zaidi. Asipopita, taka haziketi zikingoja; zinakwenda uchochoroni, mtaroni, au kwenye moto wa jioni ambao moshi wake huingia vyumbani mwa watoto. Chora ramani kwa mkono, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la shule, ukionyesha mahali pa kukusanyia, majaa yasiyo rasmi, mitaro, na njia ambazo lori haliwezi kuingia. Mji wa Kale na sehemu nyingi za Majengo zina vichochoro ambavyo hata tuktuk hujifikiria mara mbili, na mpango wowote unaotegemea lori peke yake utafeli pale hata ukiletewa malori mapya.

Hatua ya pili: Pimeni kwa siku kumi na nne

Hii ndiyo hatua ambayo kamati nyingi huiruka, na ndiyo inayobadilisha namna mnavyosikilizwa. Chagueni nyumba 20 zinazofanana na mtaa wenu: chache za ghorofa, chache za Kiswahili zenye vyumba vya kupangisha, mkahawa mmoja kama upo. Azimeni mzani wa kuning'iniza kutoka kwa muuza samaki au mnunuzi wa skrapu. Kila asubuhi, kwa siku 14 mfululizo, pimeni taka za nyumba hizo katika mafungu manne: zinazooza; zinazoweza kuuzwa, kama plastiki ngumu, katoni na chuma; nepi na vingine visivyo na mnunuzi; na zile za hatari, kama betri, sindano na dawa zilizopitwa na muda. Anayepima avae glovu na viatu vya kufunika, si ndara.

Siku 14 si za kubahatisha. Taka za Ijumaa si za Jumatatu, na taka za siku watu walizopokea mshahara si za katikati ya mwezi. Kama kipindi chenu kitaangukia Ramadhani au sikukuu, andikeni hivyo wazi, ili asitokee mtu baadaye kusema mlichagua wiki ya pilau. Na kama mtaani kuna muuza madafu, mpimeni peke yake. Makumbi yake yana uzito na hujaza mkokoteni upesi, na mkimchanganya na nyumba za jirani mtapata hesabu ya uongo.

Mtakachokiona karibu kwa hakika ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wote ni taka zinazooza: maganda ya muhogo, ya ndizi na ya maembe, mabaki ya wali, mboga. Kisha fanyeni hesabu. Tuseme nyumba 20 zinatoa kilo 40 kwa siku, na mtaa una nyumba 300. Basi mtaa unatoa kilo 600 kwa siku. Mkokoteni unaobeba kilo 200 utahitaji safari tatu kila siku. Zinazooza zikitengwa na kubaki mtaani, safari hizo zaweza kushuka hadi moja na kidogo. Mkazi anayesimama mbele ya ofisa na hesabu hiyo amekwisha kutoka katika kundi la walalamikaji.

Sambamba na mzani, fungueni daftari la lori. Safu zake ni tano tu: tarehe, saa, nambari ya gari, kama lilizoa zote au liliacha, na jina la aliyeandika. Daftari lisikae kwa mwenyekiti, kwa maana wenyeviti husafiri. Likae kwa mtu asiyebanduka barazani au dukani. Letu alilishika mama mmoja anayeuza mahamri tangu alfajiri. Ofisa kijana alipotuambia kwa heshima zote kwamba, "Bi mkubwa, gari lapita kila Jumanne na Ijumaa," mama alifungua daftari lenye alama za unga, akaweka kidole kwenye mstari, akamjibu, "Mwanangu, Ijumaa ipi? Hapa mimi nina Ijumaa sita, na gari limepita mbili." Mazungumzo yalibadilika hapo hapo, na hakuna aliyepandisha sauti.

Hatua ya tatu: Undeni kikundi kinachotambuliwa

Kamati ya kuitana kwa simu inatosha kufagia, lakini haitoshi kufungua akaunti ya benki, kuomba kazi ya kuzoa taka, wala kuandika barua inayojibiwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 ndiyo inayotumika, na usajili hufanyika kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, iwe ni Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Mnahitaji wanachama wasiopungua 10, viongozi waliochaguliwa, katiba fupi ya kikundi, na kumbukumbu za mkutano ulioamua kusajili. Katiba isinakiliwe tu kutoka kwa kikundi cha merry-go-round. Iseme wazi kwamba lengo ni usimamizi wa taka, na iseme ni nani anaweza kutia saini ya kutoa pesa, wawe watu watatu.

Kuhusu nani aingie, nina maoni makali kidogo. Kikundi chenye wenye nyumba peke yao hakitafika mbali, kwa sababu taka nyingi hutoka kwa wapangaji. Na cha wapangaji peke yao kitavunjika, kwa sababu mpangaji huhama. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ugomvi wa nani alipe ada ya mkokoteni hauishi mpaka mwenye nyumba akubali kuikusanya pamoja na kodi na kuikabidhi kwa mkupuo. Mfuateni nyumbani kwake, wazee wawili na karatasi moja, na mumwombe atie saini.

Kundi jingine linalosahaulika ni wale wanaozoa na kuokota. Kijana wa mkokoteni na mama anayeokota chupa jaani wanajua bei ya kila aina ya plastiki, wanajua lori lipi huacha na lipi hubeba, na wanajua mahali taka zinapofichwa usiku. Kuwaita chokora na kisha kutaka wafanye kazi vizuri ni kujidanganya. Waingie kwenye kikundi kama wanachama wenye kura. Zaidi ya hayo, sheria za ununuzi wa umma hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi chenye vijana hao ndani yake kina njia ya kuomba kazi ambayo sasa wanaifanya kwa kubahatisha.

Mikutano iwekwe baada ya alasiri, lakini imalizike mapema kiasi cha mama kurudi jikoni kabla ya magharibi. Matangazo yapitie msikitini baada ya sala, kanisani Jumapili, na kwa mzee wa mtaa. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi utawapa ukumbi uliojaa watu wale wale.

Hatua ya nne: Tengeni taka majumbani, hata kabla kaunti haijawa tayari

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe pale zinapozaliwa, zinazooza mbali na zisizooza, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka vituo vya kupokea na kurejesha vinavyoweza kutumika tena. Watu wengi huuliza kuna faida gani kutenga nyumbani ikiwa lori litachanganya. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba msianze kwa ajili ya lori. Anzeni kwa ajili ya vile ambavyo havihitaji lori kabisa: zinazooza zikibaki mtaani na zinazouzika zikienda kwa mnunuzi, kinacholingoja lori ni kidogo, kikavu, na hakinuki.

Vyombo viwili vinatosha. Ndoo yenye kifuniko kwa zinazooza, gunia kwa zisizooza. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo msijenge mpango wenu juu ya mifuko myeusi ya magendo. Penye uwanja, kama sehemu nyingi za Kisauni, Likoni na Miritini, chimbeni shimo la mboji chini ya kivuli, mpangilie tabaka la maganda na tabaka la majani makavu, mgeuze kila wiki, na mfunike wakati wa masika ili isigeuke tope. Harufu ikitokea, tabaka la majani makavu limepungua. Hilo ndilo kosa la kawaida. Penye nyumba zilizobanana, wafugaji wa mbuzi watachukua maganda bure, mradi yawe hayana nyembe, vijiti vya meno wala nailoni ndani yake. Mbuzi akifa kwa nailoni, mkataba umekufa naye.

Betri za gari na za sola zisiende kabisa kwenye gunia. Mombasa ina sababu yake ya kuogopa risasi ya betri, yaani ile metali yenye sumu iliyomo ndani yake, na nitairudia huko mbele.

Hatua ya tano: Jueni mlango wa kubisha

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Kwa hiyo anayelalamikia jaa kwa chifu au kwa mbunge amebisha mlango wa jirani. Watampokea vizuri, chai atapewa, lakini gari hawana. Milango yenu ya kwanza ni msimamizi wa wadi na ofisa wa mazingira wa kaunti ndogo, kisha idara ya mazingira ya kaunti. Mwakilishi wa wadi, ambaye ni mmoja wa 30 waliochaguliwa Mombasa, haendeshi malori. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuihoji serikali, na mkimwomba lori mtamgeuza kuwa mfadhili badala ya mwakilishi. Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo hutoa leseni za kusafirisha taka na za kuendesha majaa, na ndiyo ya kuambiwa iwapo gari lisilo na leseni linamwaga mzigo ufuoni usiku.

Ipo pia Kamati ya Mazingira ya Kaunti, ambayo kwa sheria ina viti vya wafanyabiashara na mashirika ya kiraia. Ulizeni ni nani anayeketi humo kwa niaba yenu. Kuuliza tu kumewahi kuzindua kamati nyingi zilizolala.

Hatua ya sita: Ingieni katika kalenda ya bajeti

Hapa ndipo kazi yote iliyotangulia inapopata thamani, na ndipo nitakapokaa kidogo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi huja na kilio chao mwezi Mei, wakati makadirio yako tayari mezani na kinachobaki ni kupunguza hapa na kuongeza pale. Aliyewatangulia alianza Agosti.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imepanga tarehe zinazofanana kila mwaka. Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwa umewasilishwa katika Bunge la Kaunti. Mradi usiotajwa humo, kama vile jukwaa la saruji la kukusanyia taka au ununuzi wa matoroli, utakuwa na kazi ngumu kuingia baadaye. Kufikia tarehe 28 Februari, Waraka wa Mkakati wa Kifedha huwasilishwa, nao ndio unaokata keki: idara ya mazingira itapata kiasi gani, ya afya kiasi gani, ya barabara kiasi gani. Sheria inaitaka hazina ya kaunti itafute maoni ya umma inapouandaa. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe hufika bungeni, na kamati ya bajeti inatakiwa kuzingatia maoni ya wananchi kabla ya kutoa mapendekezo yake. Juni bajeti hupitishwa. Mswada wa fedha wa kaunti nao huja kwa wakati wake, na ndio unaotaja ada na tozo, zikiwemo za taka. Anayetaka kujua kwa nini duka lake linatozwa kiasi fulani aisome sheria hiyo, si risiti.

Nyuma ya hizi zote upo Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Tafuteni ukurasa unaozungumzia taka na wadi yenu, mkaupige nakala. Ombi linaloanza kwa maneno "kama ilivyoandikwa katika mpango wenu wenyewe" lina uzito ambao hotuba haina.

Ushauri wangu wa vitendo ni huu: msiombe "kuboreshwa kwa usimamizi wa taka," kwa sababu hilo tayari limekubaliwa na kila mtu na halina bei. Ombeni kitu kimoja chenye mahali, kipimo na mwisho. Jukwaa moja la kukusanyia lenye ukuta wa pande tatu na paa, katika kiwanja fulani cha umma, na lori mara tatu kwa wiki kuanzia robo ya kwanza ya mwaka wa fedha. Ambatisheni ramani, hesabu za siku 14 na nakala za daftari. Mkiomba vitu kumi, ofisa atachagua kile rahisi zaidi, na kwa kawaida huwa ni fulana za siku ya usafi.

Hatua ya saba: Kikao cha maoni

Matangazo ya vikao vya kukusanya maoni hutolewa magazetini, kwenye tovuti ya kaunti na kwenye ofisi za wadi, na mara nyingine siku zinazobaki ni chache. Mpeni mwanachama mmoja kazi ya kupita ofisi ya wadi kila Jumatatu kuangalia ubao. Kikao chenyewe kikifika, nendeni watu watano na waraka ulioandikwa, nakala mbili. Moja mkabidhi, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio kitu chenye thamani kuliko vyote mtakavyorudi navyo, hata kushinda nauli; bila huo, mlisema, na aliyesema hana ushahidi.

Ukumbini kila msemaji hupewa dakika mbili au tatu. Msemaji wenu asianze kwa kuwashukuru wageni waheshimiwa mmoja mmoja hadi wakati uishe. Aseme jina la mtaa, namba mbili kutoka kwenye mzani, ombi moja, na akae. Wenzake wanne wasirudie. Mmoja azungumzie watoto na mtaro, mwingine usalama wa wazoa taka, wa tatu njia ya gari, na wa nne anyamaze na kuandika nani alijibu nini. Orodha ya mahudhurio sainini kwa jina la kikundi, na piga picha ya ukurasa huo, kwa maana siku moja orodha hiyo itatumika kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa, na mtataka kujua mlitajwa kuwa mmekubali nini.

Hatua ya nane: Mkinyamaziwa

Baada ya wiki tatu za kimya, andikeni ombi la taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe yasema hivyo, na kuwasilisha hakulipiwi. Mnachoweza kudaiwa ni gharama ya nakala. Ulizeni jambo mahususi: ratiba ya malori ya wadi yenu kwa robo iliyopita, au nakala ya mkataba wa kampuni inayozoa. Ofisi ina siku 21 za kuamua. Isipojibu, hatua inayofuata ni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko ya aina hiyo bila wakili.

Sambamba na hilo, someni taarifa za Mdhibiti wa Bajeti, zinazoonyesha kila kaunti ilitumia kiasi gani kati ya kilichotengwa. Jukwaa lenu laweza kuwa lilipitishwa na pesa hazikutoka; hapo anayedaiwa si yule mliyekuwa mkimfokea.

Jambo likiwa kubwa kuliko ofisi, pelekeni ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Haki hiyo imo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na kifungu cha 89 kinazitaka mamlaka za kaunti kujibu upesi. Ardhilhali nzuri haizidi kurasa tatu: nyinyi ni nani, tatizo ni lipi, mmekwisha kwenda wapi na mkajibiwa nini, na mnataka bunge lifanye nini. Hapo ndipo mihuri yenu yote hupangwa kwa tarehe kama shanga kwenye uzi.

Mlango wa mwisho ni mahakama. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mombasa ina mfano wake. Wakazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto wao. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, Phyllis Omido, aliwaongoza kupigania haki, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Rufaa zikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 ilirejesha hukumu hiyo. Hesabuni miaka. Kilichowabeba miaka yote hiyo ni vipimo vya damu, barua na tarehe, na ndiyo maana nasisitiza daftari hata kwa mtaa ambao shida yake ni gunia tu.

Hatua ya tisa: Pesa na makabidhiano

Ada ya mkokoteni ikusanywe siku moja ya mwezi, kwa simu ya kikundi na si ya mweka hazina, na hesabu ibandikwe ukutani mahali pa wazi: zilizoingia, alizolipwa mzoaji, zilizobaki. Mzoaji alipwe kwanza, kabla ya soda na kabla ya nauli za viongozi. Kikundi kinachomkopa mzoaji wake hakina ujasiri wa kuidai kaunti.

Viongozi wapya wakichaguliwa, makabidhiano yafanyike kwa jalada mezani: ramani, hesabu za siku 14, nakala zilizogongwa muhuri, majibu yaliyopokelewa, na orodha ya tarehe za bajeti za mwaka unaofuata, ya kwanza ikiwa Agosti. Daftari la lori libaki lilipo. Letu sasa ni la tatu. Mawili ya kwanza yamefungwa kwa kamba katika kasha la mahamri, na kurasa zake zinanuka iliki.